Lihau alikataa, siye tulinyamaza

Wiki iliyopita tulirudi ku tribinali juu ya kesi ya wenzetu wenye walifukuzwa kazi na sosiete moja ya sous-traitance. Ni mara ya ngapi, sihesabu tena. Dossier ilikuwa imekwisha kuingia mu délibéré, maana yake pande zote mbili zilikwisha kusema, ilibaki tu mwamuzi asome hukumu. Tulipofika, greffier akatuambia: mwamuzi hayuko tena, ametumwa jimbo lingine, yule mupya hakusikia mashahidi, basi mambo inaanza upya. Sitataja tribinali wala sosiete, juu kesi iko bado mikononi mwa haki na sitaki mutu aseme tunaisukuma kwa gazeti.

Mama mmoja alikuwa hapo. Bwana yake alikuwa kati ya wale wenye walifukuzwa, akafa mbele hukumu haijatoka, sasa yeye njo anafuata kesi. Akaniuliza: "Papa delege, mwamuzi naye wanamuhamisha sawa dereva wa kamyo?" Sikuwa na jibu, nikamwambia turudi nyumbani kwanza. Mu taxi-bus nilikuwa nafikiri juu ya mutu mmoja mwenye alikufa mwaka 1999, mbali na inchi yake. Jina lake Marcel Lihau.

Vijana wengi wa mine hawajui jina hilo. Hata miye, ku secondaire mwalimu wetu wa civisme alimutaja siku moja tu, akapita. Mengine niliyasoma nikiwa mukubwa, wakati nilianza kubeba makaratasi ya wenzangu ku Inspection du travail na nikaanza kujiuliza haki ya inchi hii ilijengwa na nani.

Lihau alizaliwa Bumba, mu Équateur ya zamani, tarehe 29 Septemba 1931. Wakati ule Mubelgiji hakupenda Mukongomani asome sheria. Karani, fundi, infirmier, padri, ndiyo. Avoka, hapana. Mutu mwenye anajua sheria anaweza kuuliza ni kwa sheria gani baba yake anapigwa fimbo. Lihau alipita ku seminari, kisha Wajesuite wakamusaidia kufika ku chuo kikuu cha Louvain, Ubelgiji, na akawa kati ya Wakongomani wa kwanza kabisa kusoma sheria. Wakati wa Table ronde ya Bruxelles, Januari 1960, alikuwa bado mwanafunzi, lakini ni mmoja wa wale wenye waliwasukuma wakubwa wetu wa politike wasimame kundi moja mbele ya Wabelgiji, badala ya kila mutu kuvuta kwake.

Tarehe 30 Juni ilipofika, inchi haikuwa na mwamuzi Mukongomani. Hata mmoja. Wabelgiji walipokimbia mu Julai, tribinali zikabaki fasi wazi, ikabidi ONU isaidie kuleta wageni waje kuamua maneno yetu. Watu wanalalamika kila siku juu ya haki yetu, na miye wa kwanza, lakini tusisahau ilianzia fasi gani.

Kuna ukurasa mmoja wenye sitaki kuruka. Mu Septemba 1960 Mobutu aliweka pembeni Kasa-Vubu na Lumumba, akapatia inchi kwa vijana wa masomo ya juu, ile Collège des commissaires. Lihau alikuwa mule, upande wa haki. Ni wakati wa collège ile njo Lumumba alikamatwa, Desemba 1960, na mu Januari 1961 wakamuleta huku kwetu Katanga, akauawa. Sisemi Lihau alishika bunduki. Nasema alikuwa mu serikali ile, na mutu mwenye anamusifu akiruka hapo anadanganya wasomaji.

Kazi yenye ilimupatia jina ilikuja nyuma. Mwaka 1963 akawa doyen wa faculté de droit ku Lovanium. Mwaka 1964 alikuwa kati ya wale wenye walitengeneza katiba ya Luluabourg, ile yenye watu walipigia kura, na kwa katiba ile inchi ikachukua jina la République démocratique du Congo. Wazee wa politike wanaisifu sana juu ya mambo ya majimbo. Miye nasoma fasi ingine. Mule mamlaka ya haki iliwekwa peke yake, haiko chini ya serikali wala chini ya Bunge, na kulipangwa Cour constitutionnelle yenye ingeweza kuangalia kama sheria ya wakubwa inafuata sheria ya inchi. Mwaka 1964! Cour constitutionnelle yetu ya leo ilianza kazi mwaka 2015. Hesabu mwenyewe.

Katiba ya Luluabourg haikufikisha miaka miwili. Novemba 1965 Mobutu akakamata yote, na nani alimuita amuandikie katiba ingine? Lihau. Na Lihau akaandika. Katiba ya 1967 ilimupatia prezida nguvu nyingi sana. Ilisema vyama vya politike visipite viwili, na mwaka 1970 hata hivyo viwili vikakatwa, ikabaki MPR peke yake. Mwaka huohuo wa 1967 sendika zote za wafanyakazi zilisukumwa ziwe moja, ile yenye ilikuja kuitwa UNTZa. Kwa hiyo siye wa sendika tunajua vizuri ladha ya mwaka ule. Juu ya nini mutu wa Luluabourg alikubali kazi hiyo? Pengine alifikiri: kama huyu mutu atakuwa na nguvu hivi, basi angalau kuwe na tribinali moja kubwa juu ya zote, yenye inaweza kumuambia hapana. Hayo ni mawazo yangu tu. Lakini angalia kilichofuata: mwaka 1968 Cour suprême de justice ikaanza, na Lihau akawekwa Premier président wake wa kwanza.

Alikaa pale miaka 7. Mobutu alimupenda, alimuheshimu, alimupatia kiti. Na hapa njo fasi ya filozofia yake, kama watu wa masomo wanavyoiita. Lihau hakuchoka kusema mwamuzi lazima asimame peke yake. Kila mutu anaweza kusema maneno hayo, hata minisita anayasema siku ya sikukuu. Kwake yalikuwa na maana moja ngumu: mutu mwenye alikupatia kiti hakununua hukumu yako. Mwamuzi hako mufanyakazi wa mukubwa. Mukubwa ni sawa mutu mwingine yeyote mwenye anakuja mbele ya tribinali, anasema maneno yake, anangoja.

Mobutu alielewa maana hiyo vizuri kuliko wengi, njo maana aliivunja. Tarehe 15 Agosti 1974 katiba ikabadilishwa. MPR ikawa institution moja tu ya inchi, na yote yenye ilibaki ikawa vyumba vya nyumba yake: serikali ikaitwa Conseil exécutif, Bunge likaitwa Conseil législatif, na haki ikaitwa Conseil judiciaire. Yaani mwamuzi akawa mutu wa Parti, sawa mukubwa wa jeunesse, sawa mukubwa wa animation. Ile karatasi ya Luluabourg yenye kusema haki iko peke yake, hata majivu yake hayakubaki.

Mwaka uliofuata, 1975, wanafunzi waliandamana. Wakubwa walitaka wapewe adhabu kali. Lihau, Premier président, akakataa kuitekeleza adhabu hiyo. Mobutu akamutoa palepale, na akafungiwa nyumbani kwake. Mutu mwenye alikuwa anaongoza tribinali kubwa kuliko zote za inchi hakupata hata tribinali ndogo ya kumusikiliza.

Nilimuuliza papa yangu, mbele hajafa, kama alikumbuka siku hiyo. Alikuwa mufanyakazi wa Gécamines. Akafikiri muda murefu. Alikumbuka mwaka ule bei ya shaba ilianguka, alikumbuka reli ya Benguela ilifungwa juu ya vita ya Angola, alikumbuka foleni ya bunga. Mwamuzi wa Kinshasa, hapana. "Ile ilikuwa maneno ya wakubwa," akasema. Simuhukumu. Sendika yake ilikuwa ndani ya Parti, delege wake alikuwa anavaa abacost na kucheza ku mikutano. Lakini naona hivi: mutu mmoja alikataa mbele ya Mobutu, na maelfu ya wafanyakazi wenye walikuwa wanahitaji mwamuzi kama huyo hawakujua hata kama ametoka. Hakuna mugomo hata wa saa moja. Hakuna barua.

Yenye ilifuata nitaipitisha haraka, juu ni hadithi ya wapinzani wengi wa wakati ule. Lihau akaingia mu politike na wale wenye waliunda UDPS mwaka 1982. Wakamunyanganya haki zake, wakamutuma kijijini. Afya ikaharibika. Mwaka 1985 akakimbilia Marekani, akafundisha sheria ya katiba ku Harvard. Fikiri kidogo: watoto wa Wamarekani walikaa mbele yake kujifunza namna katiba inashika wakubwa, na kwetu hapa ba magistrats walikuwa wanavaa insigne ya Parti. Alirudi mwaka 1990 wakati milango ilifunguka kidogo, kisha akaenda tena kule kutafuta matibabu, na akafa mu Aprili 1999.

Sasa nirudi kwetu mu mine, juu sikuanza kuandika hii kwa kumulilia mutu mukubwa.

Miaka fulani nyuma tulipoteza kesi. Mwenzetu alikatwa kidole ku kazi, sosiete ilikuwa na makosa wazi, kila mutu aliona. Mwamuzi alisema muda wenye sheria inatoa kwa kuleta malalamiko ulikwisha kupita. Tulitoka nje tukipiga kelele kama amekula feza. Miye mwenyewe niliandika bango, na sitasema hapa niliandika nini, ni haya. Kisha usiku mmoja nikafungua Code du travail, nikahesabu tarehe, na mwamuzi alikuwa na haki. Mwenye makosa alikuwa delege mwenye aliweka dossier mu sanduku miezi na miezi akingoja sosiete itimize ahadi ya kuongea kirafiki. Delege huyo alikuwa miye.

Sikumuandikia mwamuzi yule kumuomba radhi. Leo ningefanya. Juu yeye njo alikuwa Lihau wetu mudogo: alikuwa mbele ya watu mia mbili wenye hasira ku mulango, ingekuwa rahisi kutupatia ushindi wa bule ili aende kwake salama, na alisoma sheria jinsi iko. Siye tunataka mwamuzi mwenye hamuogopi patron. Vizuri. Je, tunataka pia mwenye hatuogopi siye? Tukisema hapana, basi hatutafuti mwamuzi, tunatafuta mutu wetu, na patron naye anatafuta mutu wake, na patron iko na feza kutushinda.

Wenzangu wa sendika watanijibu: wewe unaishi mu vitabu, ba juge wote wanakula. Najua wenye wanakula. Nimekaa nje ya biro zao, nimeona wanaingia na bahasha na kutoka bila bahasha. Lakini nimesikia pia mwingine, hakimu kijana, akiniambia pole pole mu colidor: "Vieux, dossier yenu iko wazi, lakini niko na bibi na watoto, na sitaki kuamka kesho nimetumwa fasi haina hata barabara." Huyo hakuomba hata franka moja. Alikuwa anaogopa karatasi ya kuhamishwa. Dawa ya woga huo si mushahara tu. Mushahara munono na karatasi ya kuhamishwa juu ya meza ya mukubwa, woga uko palepale.

Na dawa iliandikwa. Katiba ya 2006, article 149, haki iko peke yake. Article 150: mwamuzi iko chini ya sheria tu, hapana chini ya mutu, na mwamuzi wa siège hawezi kuondolewa fasi yake isipokuwa kwa kazi mupya, ao akiomba mwenyewe, ao kwa rotation yenye Conseil supérieur de la magistrature imeamua na kueleza sababu. Kueleza sababu, hiyo neno muishike. Article 151: serikali haiwezi kumuamuru mwamuzi. Luluabourg imerudi, miaka 42 nyuma.

Lakini karatasi peke yake haikumulinda Lihau, na mwenyewe alikuwa fundi wa karatasi. Mwaka 2016, hapa Lubumbashi, mwamuzi wa tribunal de paix, mwanamuke, aliandika barua kusema kama hukumu moja ya nyumba, yenye ilimugusa mutu mukubwa wa politike, aliitoa kwa kulazimishwa. Akakimbia inchi. Tuliongea juu yake siku tatu ku parking, kila mutu kufuatana na chama chake cha politike: wa huku walisema shujaa, wa kule walisema muongo. Sikusikia sendika hata moja ikisema: hebu iundwe tume, tujue ukweli, juu kesho ni kesi yetu. Mu Julai 2020, waamuzi wawili wa Cour constitutionnelle wakatumwa kwa ordonansi ku Cour de cassation, na katiba inawapatia miaka 9. Wakakataa. Mu Oktoba wengine wakaapishwa fasi yao. Tena tukaongea kufuatana na rangi ya politike. Serikali ya 2016 na ya 2020 si ya watu walewale, kwa hiyo mutu asiniambie naandika juu ya kusaidia upande fulani.

Ba magistrats wako na sendika yao, SYNAMAC. Wakigoma juu ya mushahara, siye tunakasirika juu kesi zetu zinalala. Nimekasirika miye pia. Lakini siku moja twende tuwaone, tukae chini, tuwaambie: mu cahier de charges yenu wekeni article 150 juu kabisa, mbele ya mushahara, na siye wa mine tutasimama nyuma yenu. Kuna kitu kingine kidogo chenye hakiombi feza ya mutu. Mwamuzi akihamishwa dossier ikiwa mu délibéré, sendika iandike ku Conseil supérieur de la magistrature, kwa heshima, kwa Kifransa chenye kunyooka, iulize tu: sababu gani? Katiba inasema sababu lazima iko. Wakijibu, tutajua. Wasipojibu, tutabandika barua na tarehe yake ku mulango wa permanence, na mwezi wenye kufuata tutaandika ingine.

Barua ya kwanza tuliiandika Jumamosi. Ilituchukua saa nne juu ya ubishi: wengine walitaka tumtukane minisita, wengine walitaka tuweke jina la patron. Tukatoa yote hiyo. Imebaki kurasa moja na nusu, sahihi 31. Yule mama mwenye aliniuliza juu ya dereva wa kamyo hakusoma sana, aliweka kidole mu wino. Kisha akauliza huyu Lihau alikuwa mutu wa kabila gani. Nikamwambia alizaliwa Bumba. "Bumba ni wapi?" Nikamuonyesha ku carte ya inchi yenye iko ku ukuta, kule juu, ku muto, mbali sana na siye.

Audience ingine ni Alhamisi, saa tatu. Mashahidi wawili kati ya watano wamehama, mmoja iko Kasumbalesa, mwingine namba yake haipite tena.